Mlaji wa Mwisho

Sehemu ya Sita

Tulimwacha Mshonaji ameshika kitasa, mnakumbuka, na mtu wa nje amesema maneno matatu tu: "Ofisi ya kodi." Juma zima limepita na mkono wake bado uko pale pale, maskini, unatoka jasho.

Kuna msomaji kaniandikia kuniuliza kwa nini asiruke dirishani. Ghorofa ya tatu, ndugu yangu! Na hata ingekuwa ya chini, dada yake angemwachia nani?

Maana dada mkubwa yuko chumbani, mpira wa hewa puani, amekaa kitako kitandani kwa sababu akilala chali anakabwa. Kwa anayeanza nasi leo: mashine inayompa hewa ya kupumua ilikufa jana asubuhi, pampu yake imeungua. Pampu mpya iliagizwa mtandaoni siku kumi na mbili zilizopita, ile ya zamani ilipoanza kukoroma. Ikafika, kisha simu ya Mshonaji ikaleta neno moja: UMEZUILIWA. Tangu jana dada anavuta mtungi wa akiba, na mshale wa mtungi unashuka. Utafika chini kabisa saa tisa leo alasiri. Mtungi mwingine hauji kabla ya kesho. Hospitali walishapigiwa simu, wakajibu vitanda vimejaa hadi koridoni.

Sasa ni saa nne asubuhi.

Mlango ukafunguliwa.

Nje alisimama mwanamke wa makamo, viatu vya raba, faili kwapani, na kalamu tatu zimechomekwa mfukoni: nyekundu, bluu na kijani. Sisi tutamwita Kalamu Tatu, maana jina lake hakulitaja.

"Karibu," Mshonaji alisema kwa mazoea, na papo hapo akajuta.

Kalamu Tatu akaingia. Macho yake yakaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, kwenye maboksi yaliyopangwa mpaka darini.

"Duka lako liko wapi?"

"Duka?"

"Manunuzi arobaini na moja kwa mwaka mmoja. Yote mtandaoni, yote yameletwa kwenye mlango huu. Kodi uliyolipa: sifuri. Nauliza tena, dada yangu. Duka liko wapi?"

"Sina duka mimi! Nashonea watu mapazia, humu humu ndani. Sokoni siendi kwa sababu siwezi kumwacha mgonjwa, kwa hiyo kila kitu nanunua kwa simu. Hayo maboksi naweka vipande vya kitambaa."

"Jozi sita za ndara?"

"Miguu ya dada inavimba. Kila baada ya miezi miwili anapanda namba."

"Wote husema hivyo," alisema Kalamu Tatu, akaandika kitu kwa kalamu nyekundu.

Mshonaji aliogopa. Sisemi alishtuka, nasema aliogopa. Alijishika kwenye cherehani yake asianguke.

"Nani huyo?" sauti ya dada ikatoka chumbani, nyembamba, ya kuhesabu pumzi.

"Mgeni, dada."

"Mgeni gani anauliza kama hakimu?"

Huyo dada alikuwa karani wa mahakama kabla mapafu hayajamgeuka. Sauti ya serikali anaitambua hata akiwa usingizini.

"Vaa viatu," Kalamu Tatu alisema. "Tunakwenda bohari ya vifurushi. Fomu zako zote ziko kule."

"Na pampu yangu?"

"Iko kule kule. Ndiyo niliyoizuia."

Jamani! Aliyekaba koo ndiye huyu, na ndiye anayemiliki gari la kumpeleka. Mshonaji akapiga hesabu ya haraka: akikataa, pampu inabaki bohari. Akikubali, huenda akarudi nayo kabla ya saa tisa. Huenda pia asirudi kabisa.

Akamwita jirani wa ghorofa ya chini, yule anayeitwa Mama Haraka kwa sababu hajawahi kuwa na haraka na lolote. Mama Haraka akapanda, ngazi moja pumziko moja, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda.

"Ukiona mshale umefika kwenye nyekundu, nipigie," Mshonaji alimwambia. "Mpira usitoke puani hata dakika moja."

"Nenda, mwanangu. Nipo."

"Mdogo wangu," dada alisema. "Ukifika huko sema kweli, na usilie. Ukilia wanadhani una la kuficha."

Mshonaji alilia kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ndani ya gari.

Bohari ilikuwa jumba refu la bati, limegawanywa na kaunta yenye madirisha manne ya kioo. Nyuma ya kioo kulikuwa na rafu, na kwenye rafu vifurushi vya watu wa mji mzima. Karatasi ya gundi ilikuwa inachanwa kila upande, kraa, kraa. Kalamu Tatu akamkalisha dirisha la tatu, akazunguka, akakaa upande wa pili.

Hapo ndipo Mshonaji alipoiona pampu. Rafu ya chini, boksi la kadiri ya mkate, limezungushiwa utepe mwekundu. Jina lake limeandikwa ubavuni. Hatua kumi tu. Angeweza kuruka kaunta, akaichukua, akakimbia!

"Usifikirie hata kidogo," Kalamu Tatu alisema bila kuinua macho.

Akatoa fomu. Rundo zima.

"Hii fomu hujazwa kila mzigo unapofika. Umejaza mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa simu."

"Hukusaidiwa na mtu? Hukuelekezwa cha kuandika?"

"Sikuelekezwa."

"Soma kisanduku cha saba."

"'Mlaji wa mwisho.'"

"Uliandika nini?"

"'Hakuna.'"

"Na kwenye hii?"

"'Hakuna.'"

"Na hii? Na hii? Na hii ya pasi?"

"Hakuna, hakuna, hakuna."

"Hii ya ndara sasa. Soma kwa sauti, nataka nikusikie."

Mshonaji akameza mate. "'Si chakula.'"

Kalamu Tatu akaweka kalamu chini. Watu wa dirisha la nne waligeuka.

"Dada yangu, unanifanyia mzaha? Mimi niko kazini, wewe unanifanyia mzaha kwenye hati ya serikali?"

"Wallahi sifanyi mzaha!" Sauti ikampasuka. "Mmeuliza mlaji. Nani anakula ndara? Nani anakula pasi? Nikaona niseme kweli, nisije nikajaza jina la mtu nikamzulia!"

  Kalamu Tatu akaanza kupekua lile rundo kwa haraka, kama mtu aliyepoteza hereni, mpaka akafika kwenye fomu moja karibu na chini.

"Hii ya bati la biskuti umejaza," alisema polepole. Akasoma: "'Mlaji wa mwisho: mimi. Dada hula kwanza.'"

Mdomo wake ukatetemeka. Akajaribu kuubana. Haukubanika. Kalamu Tatu akacheka, wasomaji wangu, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani, mpaka mtu wa dirisha la nne akamuuliza kama anaumwa.

"Mlaji ni mtumiaji!" alisema, akifuta machozi. "Aliyenunua kitu akakitumia mwenyewe, asiyekiuza tena, huyo ndiye mlaji. Ndiye kodi inakomea kwake."

"Hata kama ni kitasa cha mlango?"

"Hata kama ni kitasa."

"Basi si mngeandika mtumiaji!"

"Nimewaandikia wakubwa mara mbili, hawajajibu. Sasa sikiliza. Ukisema hakuna mlaji, kompyuta inaelewa mzigo haukomei kwako, unauzwa mbele. Na muuzaji asiyesajiliwa, akishagunduliwa, kila mzigo wake hufungiwa. Ndiyo maana nilikuja na faili. Mimi nilikuwa natafuta mwenye duka la siri."

"Na kodi?"

"Kodi unadaiwa, hilo halina ujanja. Ile bei uliyolipa duka la mtandaoni ilikuwa ya kitu tu."

"Nilidhani nikishalipa dukani nimemaliza."

"Kila mtu hudhani hivyo. Utalipa kidogo kidogo, nitakupangia." Na safari hii alichukua kalamu ya kijani. "Futa machozi. Turekebishe hii ya pampu kwanza, uende ukamhudumie mgonjwa."

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na robo. Saa sita na robo! Mshonaji alihisi damu inarudi usoni. Nusu saa ya barabara, robo saa ya kufunga pampu, fundi wa mashine ameshaelekezwa asubiri simu. Ingewezekana. Alitaka kumbusu yule mwanamke mkono.

Ningependa kuishia hapa leo, tuagane kwa furaha. Lakini mnanijua.

"Kisanduku cha saba," Kalamu Tatu alisema, vidole vikiwa juu ya kompyuta. "Mlaji wa mwisho wa pampu ni nani?"

"Dada yangu." Akataja jina, akataja namba ya kitambulisho, anaijua kwa moyo.

Kalamu Tatu akaandika. Akabonyeza. Akangoja.

Uso wake ukabadilika.

Akabonyeza tena. Akasogeza kiti karibu. Akataja tarehe ya kuzaliwa, Mshonaji akaitikia ndiyo. Akataja kazi, karani wa mahakama, ndiyo. Akataja mtaa na ghorofa, ndiyo, ndiyo, kuna nini?

"Dada yangu," alisema, na sauti yake haikuwa tena ile ya kicheko. "Pole. Huyu mlaji amefariki."

Kiti kilianguka nyuma ya Mshonaji kwa kishindo.

"Saa ngapi?" alipiga kelele. "Amefariki saa ngapi? Nimemwacha saa nne anaongea! Mama Haraka hajanipigia! Nani amewaambia kabla yangu?"

Alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. Aliamini, jamani, kwamba habari imetoka nyumbani ikaipita simu yake ikaingia kwenye kompyuta. Aliona kitanda. Aliona mpira umeanguka sakafuni.

"Tulia! Tulia, si leo!" Kalamu Tatu alisimama. "Inasema miaka miwili iliyopita!"

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili na miezi kadhaa. Soma mwenyewe." Akageuza kioo cha kompyuta. Maandishi mekundu yalisema: MLIPAKODI AMEFARIKI. FAILI LIMEFUNGWA.

Mshonaji akapiga namba ya nyumbani, vidole vinakosea, mara ya tatu ikashika.

"Mama Haraka! Dada yuko hai?"

"Yuko hai, ananisema nimekaa vibaya. Vipi kwani?"

Akakata. Akakaa chini sakafuni palepale, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Usicheke bado," Kalamu Tatu alisema. "Pampu ni kifaa cha hospitali. Haitoki mpaka jina la mlaji lilingane na cheti cha daktari, na siwezi kumtolea marehemu mzigo. Kompyuta inakataa. Kuna mtu alimzika dada yako kwenye karatasi. Mtu huyo namtaka, maana kutangaza kifo cha uongo si jambo la kodi tena. Hilo ni la polisi."

"Nani angefanya hivyo?"

"Hilo ni swali lako. Ana mali? Ana kiwanja? Ana mume aliyemkimbia?"

"Hana mume, hana kiwanja. Ana mimi."

"Basi tumuulize huyo mtu mwenyewe. Taarifa ilitumwa mtandaoni, na aliyetuma aliacha namba ya simu." Akanyanyua simu ya mezani. Akabonyeza tarakimu moja moja, anazisoma kwenye kompyuta.

Mshonaji akajiandaa kumsikia mwuaji. Alikunja ngumi kabisa. Alikuwa ameshapanga matusi.

Simu ikaita.

Iliita ndani ya mfuko wa aproni yake.

Walitazamana kupitia kioo, na ile simu inaendelea kuita. Watu wa dirisha la nne wakasogea kuchungulia. Karatasi ya gundi ikaacha kuchanwa.

"Wewe," Kalamu Tatu alisema.

"Si mimi!"

"Namba ni yako."

"Namba ni yangu lakini si mimi! Mimi nimuue dada yangu? Namlisha, namwogesha, nalala naye chumba kimoja!"

"Fomu iko hapa. Tarehe tano, saa tatu asubuhi. Hali ya mlipakodi. Kulikuwa na majibu matatu ya kuchagua. Yuko kazini. Amehama." Kalamu Tatu akasita. Akaondoa miwani, akaivaa tena. "Mungu wangu. La tatu lilikuwa 'Amepumzika.'"

 Sasa Mshonaji alikumbuka. Ilikuwa asubuhi, dada ametoka hospitali juzi yake, barua ya kodi inauliza kwa nini hajalipa. Naye akakaa na simu, akasoma yale majibu matatu, akaona la kwanza si kweli, la pili si kweli.

"Daktari alisema apumzike kazi," alinong'ona. "Alikuwa amepumzika. Nimejaza kweli. Kumbe ndiyo maana barua zake zilikoma!"

"Aliyetunga fomu aliona 'amekufa' halina adabu."

"Nimemuua kwa mkono wangu."

"Hujamuua. Umemwandika." Lakini Kalamu Tatu alikuwa amepauka, na kalamu zote tatu zilikuwa mezani, hajui ashike ipi.

"Mwandike tena, basi! Andika yuko hai! Mimi nitaweka sahihi, nitakula kiapo, nifunge, nipeleke polisi kesho, lakini leo nipe pampu!"

"Sina uwezo huo. Kufunga faili ni kwa simu. Kulifungua kuna njia moja." Akaonyesha kidude cheusi kwenye kaunta, kimefungwa kwa waya wa chuma. "Mwenyewe aje, aweke kidole hapa."

"Mwenyewe nani?"

"Marehemu."

"Kibebeni mpelekeeni!"

"Kimefungwa mezani, dada yangu, na kinafanya kazi hapa tu. Na mtambo wa faili unazimwa saa nane. Baada ya hapo ni Jumatatu."

Saa ya ukutani: saa saba kasoro dakika nane. Mtungi saa tisa. Jumatatu! Mshonaji alitazama lile boksi lenye utepe mwekundu, hatua kumi, na akaelewa kwamba lingeweza kuwa mwezini.

Simu ikaita tena ndani ya aproni. Safari hii ni ya nyumbani. Kwa pupa akaibonyeza vibaya, sauti ikatoka kwa nguvu, bohari nzima ikasikia.

"Mdogo wangu." Ni dada mwenyewe. "Kwa nini umeuliza kama niko hai?"

"Hamna kitu, dada."

"Nimefanya kazi mahakamani miaka ishirini na sita. Usinidanganye. Sema."

Akasema. Alijitahidi asiseme, lakini yote yakatoka, mlaji, ndara, amepumzika, kidole, saa nane. Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu, fupi fupi.

Kisha dada akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Kwa hiyo wananihitaji mimi."

"Hapana! Usithubutu! Ngazi ni sitini na mbili, dada, wewe huwezi hata kufika msalani!"

"Kushuka si kupanda, na chini nitaita teksi. Mama Haraka, nipe ndara zangu. Zile kubwa."

"Na mtungi?" Mshonaji alipiga kelele. "Mtungi hauna magurudumu, nani ataubeba? Mama Haraka hawezi!"

"Mtungi nauacha. Nikirudi nitauvuta."

"Dada, utakufa njiani!"

"Nimeshakufa, si ndivyo wanavyosema?" Pumzi. "Kwa miaka ishirini na sita nilisimama mlangoni nikiita majina ya watu." Pumzi. "Asiyeitika alihukumiwa akiwa hayupo. Mimi nitaitika."

Nyuma yake Mama Haraka alikuwa analia kwa sauti, anamwomba Mungu, na katikati ya kilio hicho alisema maneno yaliyomkata Mshonaji maini: "Ametoa mpira! Mama wee, ametoa mpira puani!"

"Nimeshavaa ndara," dada alisema. "Niambie dirisha namba ngapi."

Mshonaji akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Asipomwambia, labda hatakuja. Asipokuja, saa tisa. Alitikisa kichwa, hasemi, hasemi, machozi yanapita katikati ya vidole.

Kalamu Tatu akainama mpaka kwenye tundu la kioo, karibu na simu.

"Dirisha la tatu, mama," alisema. "Nakusubiri."